Nina miaka 51, nataka kuvuka nchi nzima na pikipiki, mke wangu kanuna

Anti, sijui nikupe shikamoo au nikusalimie tu maana sijui nani mkubwa kati yetu, basi shikamoo yasiwe mengi.

Mi ni baba wa miaka 51, watoto wawili, wa mwisho ndo kamaliza shule juzi juzi hapa. Ujanani nilikua naendesha pikipiki sana, nikaja kuoa, watoto wakaja, nikaiuza, maisha yakaendelea. Mwaka jana nikanunua nyingine, kubwa kuliko ile ya zamani, na tangu hapo kichwani nina kitu kimoja tu, nataka niivuke nchi kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule, mwenyewe, kwa magurudumu mawili. Nimepima kwenye ramani ya simu inakuja kama kilomita 4,000. Kazini nina likizo ya siku nane, yaani 500 kila siku, simu inasema masaa saba tu nikaona mbona inawezekana, masaa saba si ndo muda ninaokaa kwenye kiti ofisini.

Sasa matatizo. Mke wangu hakujua. Alijua siku maboksi ya pembeni ya pikipiki yalipoletwa nyumbani nikiwa sipo, akayapokea yeye, na tangu siku hiyo tunaongea maneno ya kuhesabu kama umeme wa luku, yaani tukiongea ni habari za nyumba tu. Anasema ujana unanirudia na nikitaka kufa nisimwachie yeye mzigo. Nikimwambia hii ni ndoto yangu anaondoka chumbani.

La pili ni mwili. Mgongo wa chini unanikamata nikikaa kwenye siti zaidi ya saa moja na nusu, na vidole vya mkono wa kulia hua vinakufa ganzi. Natumia dawa za presha, moja wapo ni ile ya kukojoza. Daktari sijamwambia habari ya safari.

La tatu, kuna rafiki yangu wa kazini ana miaka 34, nae anataka twende wote. Ni mtu mzuri ila anakimbia balaa. Yeye anasema tuwe tunatoka saa kumi alfajiri kila siku, na tukichelewa tunaunganisha usiku kwa usiku. Mi usiku siku hizi taa za magari zinaniumiza macho lakini sikumwambia, niliona aibu.

Alafu vitu vya kubeba, nimeviweka stoo hadi mlango haufungi vizuri. Anti niambie ukweli, niachane nayo au niende?

Ni mimi, Kijana wa Zamani

*

Marahaba mdogo wangu, umebahatisha, nimekuzidi miaka kadhaa na bado napanda pikipiki, kwahiyo leo hujaandika kwa mtu wa kukwambia ukalee wajukuu.

Nenda. Ila sio kwa hiyo ratiba, hiyo ratiba ipasue.

Kwanza nimeisoma barua yako mara ya kwanza, nikairudia tena natafuta sehemu uliyosema utarudije, sijaiona. Kilomita 4,000 ni za kwenda. Siku nane za likizo umezimaliza zote kwenye kwenda, siku ya tisa bosi anakutegemea kazini na wewe uko mpaka wa pili wa nchi umekaa juu ya siti huku kiuno kinalia. Sisemi nikucheke, watu wengi sana hua wanapanga hivyo, wanaupanga mwisho wa safari kama vile maisha yanaishia pale kwenye kibao cha mpaka. Kwahiyo una mawili, au uongeze siku, au upunguze nchi.

Na hizo kilomita 500 ndo mzizi wa kila kitu ulichoniandikia, mgongo, vidole, macho, rafiki, hata mkeo kwa kiasi fulani. Simu ikikwambia masaa saba inahesabu gari linalotembea bila kusimama. Haijui kwamba tanki lako ni dogo utasimama kujaza mafuta mara mbili tatu, haijui dawa ya kukojoza, haijui mvua ya kusimama chini ya paa nusu saa, matengenezo ya barabara, kupotea, kupiga cheni oili, kutafuta pa kulala wakati giza linaingia. Masaa saba ya simu kwa mtu wa umri wetu ni masaa kumi, kumi na moja huko barabarani. Siku moja unaweza. Siku mbili unaweza ukiwa unaringia watu. Tatizo ni ya nne na ya tano, maana uchovu wa pikipiki haulali ukaisha wote, unabaki kidogo, kesho unaongezea mwingine juu yake, na ajali nyingi za namna hii hua hazitokei siku ya kwanza mtu akiwa na hofu yake, zinakuja pale umeshazoea na umechoka na hujui kama umechoka.

Mi ningekuwekea kilomita 300 kwa siku, 350 kama barabara ni nzuri na hali ya hewa inaruhusu, na kila baada ya siku tatu siku moja ya kukaa tu, ufue nguo, uangalie pikipiki, ulale mchana kama mtoto. Hapo ukipiga hesabu, 4,000 ni siku kama 13 za kuendesha, ongeza za kupumzika unakaribia siku 17, bado kurudi. Likizo yako haitoshi na hakuna ubishi hapo. Kwahiyo fanya hivi, likizo hii vuka kama theluthi ya nchi, pikipiki iache kwa mtu unayemwamini huko ulipofikia, betri ichomolewe na tanki lijazwe, wewe panda basi urudi kazini, likizo ijayo unaenda kuichukua unaendelea ulipoishia, hivyo hivyo mpaka umalize. Hakuna sheria popote inayosema lazima nchi ivukwe kwa pumzi moja. Kama unaweza kuunganisha likizo mbili tatu, au kuipakia pikipiki kwenye lori wakati wa kurudi, sawa pia, ila bei ya lori uliza kabla hujaondoka sio ukishafika kule wanakuona umekwama.

Sasa habari ya saa kumi alfajiri na kuunganisha usiku. Hapana. Mwili wa binadamu una masaa yake ya kuzimika, kuanzia saa nane usiku hadi kumi na mbili asubuhi, na tena kidogo saa nane hadi saa kumi mchana, hata uwe umelala vizuri. Ukiamka saa tisa usiku kujiandaa, ikifika saa mbili usiku uko macho masaa 17, na watafiti walishapima hili, mtu aliyekaa macho masaa 17 anaitikia mambo kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na kuna nchi nyingi hicho ndo kiwango ambacho polisi anakushusha. Kwenye gari ukisinzia sekunde mbili unaweza ukabahatika, tairi linagusa ukingo unashtuka. Kwenye pikipiki ukiwa spidi 90 unatembea mita 25 kila sekunde, piga hesabu mwenyewe hizo mbili ni mita ngapi, na pikipiki hainyooki yenyewe. Tena usiku macho ya mtu wa miaka 50 hayapati mwanga kama ya mtu wa 20, lenzi ya jicho inakua na ukungu kidogo kidogo na mboni haifunguki kama zamani, ndo maana taa za magari zinakuumiza na zikishapita unachukua muda kuona tena barabara. Hiyo sio aibu mdogo wangu, ni kama mvi. Nenda kapimwe macho kabla ya safari, na weka sheria moja, jua likizama wewe uko umevua buti. Toka saa moja asubuhi, saa tisa mchana uwe umefika.

Mwili. Daktari lazima ajue, na usimwambie nasafiri tu, mwambie nitakaa juu ya pikipiki masaa sita kwa siku juani siku kadhaa mfululizo, ili aangalie hiyo dawa ya kukojoza, maana ile inatoa maji na chumvi mwilini, na jua nalo linatoa, na upepo nao unakausha jasho hujaliona hata unadhani hutoki jasho. Matokeo yake ni kizunguzungu unaposimama, kichwa kizito, maamuzi ya ovyo. Kuna watu wakishaona hivyo wanaiacha dawa kimya kimya wiki ya safari ili wasisimame simame, wewe usithubutu, presha haiendi likizo. Muulize na kuhusu dawa za mafua na aleji, zile za zamani nyingi zinalewesha usingizi na mtu anazimeza asubuhi kisa pua inachuruzika. Na kama mkeo anasema unakoroma sana alafu unashtuka kama umekabwa, mwambie daktari na hilo, wanaokabwa usingizini hua wanasinzia mchana bila kujijua.

Mgongo na vidole vina dawa ya bure, vidole kwanza. Ukiona ganzi mkono wa kulia mara nyingi ni kwamba unabana aksileta kama unamnyonga mtu, na uzito wa kifua umeuweka kwenye mikono. Uzito uushike kwa mapaja, bana tanki kwa magoti, tumbo likaze kidogo, mikono ibaki milegevu kiasi kwamba unaweza kupiga viwiko kama kuku. Mwambie fundi akuzungushie usukani na livaa za breki na klachi zikae sawa na mkono wako ulivyonyooka, hua zinawekwa kwa mtu wa kiwandani ambaye sio wewe. Ikiendelea kufa ganzi hata ukiwa nyumbani, hiyo sasa ni ya daktari. Kwa mgongo, simama kila saa moja na robo, kabla haujauma, ukisubiri uume umeshachelewa kwa siku nzima. Simama shuka, tembea, nyoosha, kunywa maji. Na kuanzia leo miezi miwili mitatu fanya mazoezi ya tumbo na mgongo, hata ya dakika kumi sebuleni, ukikosa hayo hakuna siti ya kununua itakayokuokoa. Kitu kingine watu hawakiamini, plagi za masikio, zile za sponji. Upepo ndani ya helmeti ukiwa spidi 100 unavuka desibeli 90, masikio yanaharibika taratibu na zaidi ya hapo kelele inachosha vibaya mno. Siku utakayozivaa utafika jioni unajiuliza mbona leo sijachoka.

Baridi nayo usiidharau, nyuzi 10 ukiwa spidi 80 mwili unaisikia kama nyuzi 4, vidole vinakua vizito kwenye breki, kwahiyo koti la kuzuia upepo linakaa juu sio chini kabisa ya begi.

Alafu kuna jambo hukuliuliza ila ndo linanitisha kuliko mgongo wako. Umeacha pikipiki miaka mingi, umerudi na kubwa zaidi. Kichwa kinakumbuka kijana, mikono imesahau. Kuna utafiti mkubwa wa ajali za pikipiki ulifanyika Los Angeles, ukiongozwa na Harry Hurt wa chuo kikuu cha Southern California, ukatoka 1981, walichunguza ajali kama 900 kwa kwenda eneo la tukio wenyewe. Walikuta zile za pikipiki na gari, theluthi mbili mwenye gari ndo aliingilia njia ya pikipiki, na mara nyingi anasema sikumuona. Lakini zile ambazo pikipiki imeanguka yenyewe bila gari lolote, theluthi mbili ni kosa la mwendeshaji, kabana breki vibaya au kaingia kona kwa spidi akatoka nje. Utafiti wa zamani ndio, ila kona bado ni kona. Kwahiyo tafuta mwalimu, hata wa siku moja, au uwanja mtupu, pakia mizigo yote ya safari, ufanye breki za dharura mpaka mkono ujue wenyewe. Breki ya mbele ndo inayobeba kazi kubwa ya kusimamisha, ibane kwa kuongeza taratibu usiinyakue, na pikipiki iliyobeba mzigo inasimama mbali kuliko ulivyozoea. Hutaki kuligundua hilo nyuma ya lori.

Mizigo ya stoo, toa nusu. Alafu kwenye iliyobaki toa tena. Kitabu cha pikipiki au kibandiko kwenye fremu kimeandika uzito wa mwisho inaoruhusiwa kubeba, na uzito wako wewe na helmeti na buti umo humo, watu hua wanajisahau wenyewe kwenye hesabu. Vizito vikae chini na katikati, karibu na wewe, sio kwenye boksi la nyuma kabisa, maana ukirundika nyuma mbele inakua nyepesi na usukani unaanza kucheza. Shokapu ya nyuma ikazwe kulingana na mzigo. Vya lazima ni vichache, vifaa vya pancha na pampu umeshajifunza kuvitumia nyumbani, kebo ya klachi kama yako inatumia kebo, fyuzi, tochi, dawa zako za siku zote na za akiba na ziwe sehemu mbili tofauti, nakala za makaratasi, nguo za mvua. Nguo za kawaida tatu zinatosha, utafua.

Tairi usiangalie kashata zake tu, yale meno ya mpira, angalia umri. Pembeni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ikisoma 2319 limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Umesema umenunua mwaka jana, hukusema ilikaa muda gani kabla yako. Mpira ukizeeka unakua mgumu haushiki barabara yenye maji hata kama kashata bado ndefu. Upepo pima asubuhi likiwa la baridi. Cheni na spoketi kama zimeshaanza kuliwa badilisha seti nzima kabla ya kuondoka, servisi kubwa ifanyike wiki mbili tatu kabla na uiendeshe baada ya servisi, sio fundi anafunga nati ya mwisho jioni na wewe unatoka asubuhi. Na ujue tanki lako linafika wapi ukiwa na mzigo na upepo wa mbele, mi hua napanga kujaza kwenye theluthi mbili ya uwezo wake, sipendi kusukuma.

Sasa shemeji yangu. Mdogo wangu, sikiliza, mkeo sijaona popote kwenye barua yako amekataa safari. Amepokea maboksi ya safari ambayo hajaambiwa. Hilo ndo linalomnunisha, na ukienda kumwambia ndoto yangu ndoto yangu unamwambia kwamba yeye yuko nje ya hiyo ndoto. Anza na samahani ya kuficha, ya kuficha tu, usiombe samahani ya kutaka kwenda maana hiyo utakua unadanganya na atajua. Alafu ukae nae na ramani, na ratiba mpya hii ya 300, sio ile ya 500, ile ukimwonyesha hata mi ningekuja kumsaidia kununa. Mwambie daktari kasema nini, mwonyeshe bima inalipa nini na hailipi nini, makaratasi ya nyumba na benki yako wapi, nani wa kumpigia. Najua inasikika kama mtu anaaga, lakini alishakwambia anaogopa kuachiwa mzigo, basi jibu hofu yake hiyo hiyo aliyoitaja, usijibu nyingine. Mkubaliane saa ya kupiga simu jioni na mkubaliane pia usipopiga hadi saa ngapi yeye ndo aanze kuhangaika, na ampigie nani kwanza, maana mtandao unakata huko njiani na kukaa anaangalia kialama chako kwenye simu siku nzima kutamuumiza zaidi. Na muulize kama angependa mkutane sehemu, aje kwa basi ile siku yako ya mapumziko. Anaweza akakataa. Uliza tu. Ila akisema anataka kukaa nyuma ya pikipiki safari nzima, hesabu zote za uzito na kilomita tunaanza upya, uniandikie tena.

Kabla ya yote hayo fanya safari ya majaribio, wikiendi moja, mzigo kamili, 300 Jumamosi na 300 Jumapili kurudi. Jumatatu utajua mambo mengi ambayo mi siwezi kukuandikia hapa, utajua boksi gani linapiga kelele, nguo ipi inakata kwapani, na kama bado unaitaka hii safari. Kuna watu hua wanagundua walikua wanataka wikiendi tu, na ni sawa kabisa, wikiendi ziko nyingi.

Huyo rafiki wa miaka 34 mwambie mapema, kabla hajalipia kitu, kwamba wewe usiku huendeshi na 300 ndo mwisho wako. Mkienda wote, mwenye mwendo mdogo anakaa mbele, huo ndo utaratibu wa watu wanaotaka kufika wote, maana ukiwa nyuma unamfukuza aliyekuacha utaingia kona kwa spidi yake sio yako. Kama hiyo haiwezi, basi kila mtu atembee mwendo wake mkutane jioni mahali mlipokubaliana, yeye atafika mapema akae akusubiri. Na akisema hapana, ratiba ni ile ile ya saa kumi alfajiri, mtakie safari njema, wewe endelea kulala mpaka kupambazuke.

Anti